Huyu anayeimba ni nani? Zilipendwa na watoto wetu wa Mbulu na Hanang

Ukienda kwenye kibanda cha kuchaji simu na kuweka nyimbo, iwe Katesh stendi au Haydom sokoni, ukaomba zilipendwa, kijana atakujazia memori kadi nyimbo mia mbili kabla chai yako haijapoa. Ukifika nyumbani ukaifungua, utakuta majina ya namna ya "Zilipendwa Mix 4" na "Track 11". Nyimbo ni zile zile alizocheza baba yako. Kilichopotea njiani ni majina ya waliozipiga.

Watoto wetu wanazisikia. Wanazisikia kwenye basi la Babati, kwenye sabufa ya harusi ikifika zamu ya wazee, na kwenye redio ya babu asubuhi ya Jumapili. Na kwa kuwa ni watoto, wanauliza: huyu anayeimba ni nani? Wengi wetu tunajibu, "Ni wa zamani hao," kisha tunarudi kwenye simu zetu.

Jibu hilo linamnyima mtoto kitu. Mwambie kwamba anayelipiga gitaa lile ni Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa 1944. Kwamba alikwenda hadi Japani na Morogoro Jazz kupiga kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Kwamba alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Sasa rudia wimbo. Mtoto atausikiliza kwa sikio jingine, kwa sababu sasa kuna mtu ndani yake.

Na kuna haraka kidogo katika jambo hili. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1970 leo amevuka 75. Huyo ndiye anayeweza kumsimulia mjukuu wake wimbo fulani aliusikia wapi mara ya kwanza, nani alikuwa na redio kijijini, na nani alikatazwa kwenda kucheza. Memori kadi haina habari hizo.

Muziki uliokuja kwa betri

Huku kwetu milimani hakukuwa na kumbi za dansi kama zile za Kariakoo, Tanga au Morogoro mjini. Muziki ulitufikia kwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza 1951, na katika miaka ya 1960 kituo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wetu bado wanaitaja kwa herufi tatu tu. Mwaka 1973 serikali ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, wanavijiji nchi nzima walikaa katika vikundi kusikiliza masomo ya redio kuhusu vyoo, maji na malaria. Redio iliyofundisha kuchimba choo ndiyo hiyo hiyo iliyopiga muziki wa dansi kipindi cha masomo kilipokwisha.

Halafu kulikuwa na mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada na kuendeshwa na NAFCO. Mashamba yale yalileta madereva wa matrekta, mafundi na makarani kutoka mikoa mingine, na watu hao walikuja na redio zao na bendi walizozishabikia. (Habari ya malisho ya Wabarbaig yaliyokwenda na mashamba hayo ni ndefu, na inastahili ukurasa wake.)

Jambo moja linasaidia kuelewa rekodi tulizonazo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilibidi ipeleke kazi yake Nairobi. Iliyobaki nyumbani iliingia studio ya RTD, ikapiga wimbo bendi nzima kwa pamoja, na wimbo ukabaki kwenye utepe redioni. Mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, njia ya Nairobi ikawa ngumu zaidi. Ndiyo maana nyimbo nyingi nzuri za mwisho wa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980 watu walizipata kwa kuzinasa kwenye kaseti kutoka redioni. Ukisikia wimbo kwenye simu yako unaanza katikati, au sauti ya mtangazaji inapita nyuma yake, usiufute. Huenda umetoka kwa mtu aliyekaa na kidole juu ya kitufe akisubiri wimbo wake upigwe.

Kwa nini zote ziliitwa Jazz?

Hili ni swali watoto hulipenda, hasa wakisikia majina yakifuatana: Dar es Salaam Jazz, iliyoanza 1932; Morogoro Jazz ya 1944; Western Jazz, ya watu wa magharibi mwa nchi waliokuwa wakiishi Dar es Salaam; Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande; Tabora Jazz; Tanga wakiwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wakishindana mji mmoja. Baadaye zikaja za taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Polisi Jazz. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri.

Hata mkoa wetu ulikuwa na ya kwake. Kabla Manyara haijakatwa mwaka 2002, Mbulu na Hanang zilikuwa mkoa wa Arusha, na ni Arusha mjini ambako ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipiga kwa jina la Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka kwenda Kenya, na huko wakawa Simba Wanyika.

Hakuna kati ya bendi hizi iliyopiga jazi ya Marekani kama ilivyo. Jazi yenyewe ilizaliwa kwa Wamarekani weusi, New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Neno lilipofika huku lilimaanisha vyombo vya kisasa, tarumbeta na saksafoni, magitaa, suti, na watu wanaocheza wawili wawili ukumbini.

Lakini kuna kitu cha jazi ya kweli ambacho wazazi tunaweza kukiazima. Wanamuziki wa jazi wana hazina ya nyimbo wanazozijua wote, na kila mmoja anazipiga kwa namna yake. Sifa ya mpigaji ni kile alichokifanya na wimbo ambao kila mtu anaujua. Mwaka 1939 Coleman Hawkins alirekodi "Body and Soul" kwa saksafoni, akaugusa muziki wa asili kidogo tu mwanzoni, kisha akaenda zake. Rekodi hiyo ikawa maarufu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mpenzi wa jazi haulizi tu wimbo gani. Anauliza: umepigwa na nani, mwaka gani? Swali hilo ndilo nataka tuliingize nyumbani.

Muuza karanga

Anza na karanga. Kila mtoto wa Katesh anawajua wauza karanga wa stendi, wale wanaokimbilia dirisha la basi na vifuko mkononi. Cuba nako walikuwapo, na mtunzi mmoja wa huko, Moisés Simons, alichukua mwito wa muuza karanga wa mtaani akautungia wimbo, "El Manisero". Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazú kutoka Havana iliurekodi mjini New York, ukapendwa sana. Mwaka huo huo Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi, naye akaurekodi kwa namna yake ya utani. Tangu hapo umebaki katika hazina ile ya nyimbo za jazi.

Kuanzia 1933 kampuni ya santuri ya Waingereza ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri za Cuba zilizojulikana kwa herufi GV, na wimbo wa muuza karanga ulikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa. Santuri hizo zilisikika Kongo, zikasikika pwani yetu, zikafika Morogoro. Huko kijana Salum Abdallah alizipenda kiasi cha kuanzisha bendi yake mwaka 1948 na baadaye kuiita Cuban Marimba. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na nyimbo zake bado zinapigwa.

Jaribu hili jioni moja. Piga kwanza rekodi ya Azpiazú, kisha ya Armstrong, kisha wimbo wowote wa Cuban Marimba, kwa mfano "Ngoma Iko Huku". Usieleze chochote kabla. Mwulize mtoto: wapi umesikia kitu kinachofanana? Watoto wadogo wanashika haraka kuliko sisi, kwa kuwa wanasikiliza mdundo, hawahangaiki na maneno. Wakishataja tarumbeta au ngoma zile za tumba, waambie mwaka wa kila rekodi. Umewafundisha historia ya miaka 30 kabla ugali haujaiva.

Malaika wa watu wengi

Kama kuna wimbo wa Kiswahili uliopigwa na wengi, kila mtu kwa namna yake, ni "Malaika". Kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, fedha hana. Kwa wazazi wenye vijana wa kidato cha nne na mazungumzo ya mahari yanayoanza kusogea, maneno yake hayahitaji tafsiri.

Rekodi iliyouvumisha Afrika Mashariki ni ya Mkenya Fadhili William, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuchukua akaupeleka ulimwenguni, na mwaka 1965 aliuimba na Harry Belafonte katika santuri yao ya pamoja, ile iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Boney M. wakautia mdundo wa disko mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi 1991.

Nani aliutunga? Hapo watu hawaelewani. Fadhili William alijulikana kwa miaka mingi kuwa ndiye mwenye wimbo, na wapo wanaomtaja Adam Salim, Mtanzania, kwamba aliutunga katika miaka ya 1940. Sitaamua ugomvi huo hapa. Mweleze mtoto kwamba ugomvi upo, na kwamba unatokana na jambo lile lile la memori kadi: jina lisipoandikwa mapema, baadaye kila mtu ana ushahidi wake.

Kwa maoni yangu, ukiwa na muda wa rekodi mbili tu, chagua ya Fadhili William na ya Makeba. Ya kwanza ni ya kijana mwenyewe mwenye shida. Ya pili inaimbwa na mwanamke, na ghafla huna hakika anayelalamika ni nani. Ya Boney M. waachie watoto wacheze, haina madhara.

Wamarekani waliojiita Mganga na Jabali

Watoto wetu wanadhani Kiswahili kinaazima tu. Wasimulie kuhusu Herbie Hancock, mpiga piano mkubwa wa jazi, ambaye mwaka 1971 alitoa santuri iitwayo "Mwandishi". Hilo lilikuwa jina alilojipa. Wanamuziki wake wote walikuwa na majina ya Kiswahili: mpiga besi Buster Williams alikuwa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart alikuwa Jabali, Julian Priester wa tromboni alikuwa Pepo Mtoto, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson alikuwa Mganga, naye kweli alisomea udaktari. Hawakuwa Waswahili. Walikuwa Wamarekani weusi waliotafuta jina la Kiafrika la kujivunia, wakalipata katika lugha ambayo mwanao anapewa alama zake shuleni Dongobesh.

Miaka kumi na kidogo kabla yao, Novemba 1960, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York santuri aliyoiita "Uhuru Afrika". Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na mwanzoni kabisa unasikia Kiswahili kikisemwa na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mwaka mmoja kupata uhuru wake. Serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Mtoto wa darasa la sita anayesoma habari za uhuru ataielewa vizuri, na pengine ataisikiliza mara moja tu, kwa kuwa si muziki mwepesi. Mara moja inatosha.

Na kwa kuwa tumemtaja Jabali: wa kwetu ni Marijani Rajab, "Jabali la Muziki", aliyezaliwa 1955 na kufariki Machi 1995. "Georgina" alipiga akiwa na Safari Trippers. "Zuwena" na "Masudi" akiwa na Dar International. Huu wa mwisho unamhusu kijana aliyeingia ujambazini, na ni mzuri kwa mazungumzo na kijana anayeanza kuchelewa kurudi nyumbani. Mwache wimbo useme kwanza. Ukianza kuhubiri kabla gitaa halijamaliza, umeharibu.

Namna ya kusikiliza

Nyimbo nyingi za bendi hizi zina sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanasimulia taratibu, magitaa yanafuata kwa adabu. Kisha mdundo unachangamka, maneno yanapungua, na vyombo vinachukua nafasi. Mfundishe mtoto kungoja mahali pale pa kugeuka. Akishapajua, hatakubali tena uruke wimbo dakika ya pili.

Kisha mfundishe magitaa. Gitaa la solo linaimba kama mtu. La ridhimu linarudia mchoro mmoja bila kuchoka. Besi inatembea chini. Kwa somo hili hakuna rekodi bora kuliko "Sina Makosa" ya Les Wanyika ya mwaka 1979. Bendi hiyo ilitoka ubavuni mwa Simba Wanyika, wale wale wa Arusha Jazz. Mwambie mtoto asahau sauti ya mwimbaji, afuate ridhimu ya Omar Shabani tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu arudie akifuata besi ya Tommy Malanga. Wimbo mmoja unakuwa nyimbo tatu. Kwa spika ndogo ya simu besi haisikiki, kwa hiyo hapo azima sabufa ya jirani au tumia spika za masikioni.

Mwisho kuna sauti. Muhiddin Gurumo aliimba NUTA Jazz. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park. Katika miaka ya 1980 akaenda Safari Sound. Alifariki Aprili 2014. Sauti moja, bendi tatu. Mtafute katika kila moja. Mwenzake Hassan Bitchuka ana sauti inayopanda juu, na wakiwa pamoja hata mtoto anaweza kuwatenganisha. Cosmas Chidumule, aliyetunga "Neema" ya Mlimani Park, baadaye aliacha dansi akageukia nyimbo za injili, habari ambayo katika nyumba nyingi za huku itamfanya bibi naye asogeze kiti.

Bendi zilikuwa na mtindo wao pia, jina la uchezaji wao: Sikinde ya Mlimani Park, Msondo ya NUTA, Saboso ya Western Jazz. Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo. Ngoma ya kijijini iliingia ukumbini na kuvaa suti. NUTA nayo ilibadilika jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Usishangae ukiwaona watu wale wale kwenye majina manne.

Si kila zilipendwa ni hekima

Kuna tabia ya kusema nyimbo za zamani zilikuwa na mafunzo na za leo ni matusi. Mimi siikubali yote. Zamani nako kulikuwa na nyimbo za kumlaumu mwanamke kwa kila ndoa iliyovunjika, nyimbo za kusifu pombe, na nyimbo za kumtupia talaka mke kana kwamba ni barua ya kawaida. Waimbaji karibu wote walikuwa wanaume. Ukimsikia Kida Waziri wa Vijana Jazz, aliyeimba na Hemed Maneti, utajua kilichokuwa kinakosekana.

Kwa hiyo sikiliza wewe kwanza, peke yako, kabla ya kumpa mtoto. Wimbo ukiwa na lawama isiyo ya haki, si lazima uufiche. Kwa binti wa miaka 14, swali la "Unadhani huyu mke angejibu nini?" linafungua mazungumzo kuliko mawaidha ya nusu saa. Kwa wadogo, nyimbo za shukrani kama "Nawashukuru Wazazi" ya Mlimani Park, au ile ya methali, "Jogoo la Shamba" ya Mbaraka, zinatosha. Watoto wa shamba wana haki ya kubishana na methali hiyo.

Kuhusu bando: usitazame video. Wimbo wa dakika tisa kwa video unakula bando la siku. Tafuta sauti peke yake, ipakue mara moja, kisha warushiane ndani ya nyumba bila intaneti. Wimbo mmoja kwa wiki unatosha. Nyimbo mia mbili kwa mpigo ndizo zilizotufikisha hapa.

Majina kwenye faili, na sauti za hapa kwetu

Kazi ya kwanza ya kumpa mtoto mwenye simu ni kubadilisha majina. Achukue "Track 11", aende nayo kwa babu, au aako kama tunavyomwita wengi wetu kwa Kiiraqw, amwombe aitambue. Mzee akisema "Hii ni Tabora Jazz, ni Shem Karenga anaimba Asha," faili linabadilishwa pale pale. Asipokuwa na hakika, aandike alichosema mzee na alama ya kuuliza. Wazee wanapenda kuulizwa jambo wanalolijua kuliko kuulizwa afya yao kila siku.

Wakati huo huo simu irekodi maongezi, kwa ruhusa yake. Alikuwa wapi? Redio ilikuwa ya nani? Betri zilipokwisha nguvu waliziweka juani? Walikuwa wanaelewa maneno yote ya Kiswahili, au walipenda sauti tu?

Usiishie kwenye dansi. RTD ilizihifadhi bendi za mijini kwenye tepe zake, na majina mengi yamepona kwa sababu hiyo. Nyimbo za harusi za Kiiraqw anazozijua bibi yako wa Bashay, au zile za jirani Mbarbaig wa Basotu, nyingi hazina utepe popote. Bibi akikubali kuimba, zima redio, funga mlango ili mbuzi wasiingie, weka simu mezani karibu naye wala usiishike mkononi. Mwache amalize bila kumkatiza.

Kisha andika faili hivi: jina la anayeimba, jina la wimbo, kijiji, tarehe. Mtumie na shangazi aliye Dar es Salaam, ili nakala ziwe mbili.